Amina ya Kila Asubuhi

"Hivi, shoga, hizo dawa za presha si ndizo zinazommalizia figo mdogo wako?"

Jirani, Mama Redio, aliuliza hivyo miezi mitatu iliyopita, ameegemea mlango, kisha akaomba chumvi akaenda zake. Dada mtu, mshona mito, aliendelea kushona. Alidhani swali limeondoka naye.

Leo asubuhi alifumua mto wa mdogo wake ili achambue pamba iliyoshikamana. Vidonge vikammwagikia mapajani, vyeupe na vya waridi, vingine vimelowa mate vikakaukia kwenye pamba. Viganja viwili havikuvitosha.

Mdogo wake, fundi viatu, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu imevimba hata viatu alivyojishonea mwenyewe havimwingii. Aliviona vidonge, akageukia ukuta.

Kila asubuhi dada mtu alimwekea vidonge kiganjani, akamwombea, naye akaitikia amina. Kumbe maji aliyameza, vidonge akavibana shavuni. Nesi alikwisha kuwaeleza: sehemu za figo zilizokufa hazirudi, ila dawa hizi huizuia presha isimalizie zilizobaki, zikiisha hizo, ni mashine ya kusafisha damu. Asiache dawa bila kumwuliza daktari. Jana presha ilikutwa juu sana, daktari akaongeza kidonge cha tatu, akiamini viwili vimeshindwa.

"Na ile amina?" dada aliuliza, sauti chini kabisa. "Nayo ulikuwa unaibana shavuni?"

"Amina ilikuwa ya kweli, dada. Niliogopa tu. Nilimsikia jirani."

"Mimi ndiye ninayekuosha miguu. Mama Redio amekuosha lini?"

 Mdogo wake alinyakua vidonge vitatu vya leo kando ya kitanda akavipeleka mdomoni kwa pupa, kama mtoto anayetaka yaishe. Dada akampiga mkono, vikatawanyika sakafuni.

"Vyote kwa mkupuo, presha ishuke ghafla uanguke? Daktari alimpima mtu asiyemeza kitu. Nenda kamwambie ulichofanya, kwa mdomo wako. Nimechoka kukusemea kwa Mungu na kwa watu."

Alivitia vidonge vilivyotoka kwenye mto ndani ya foronya, akaipiga fundo, akamtupia. Kisha akajaribu kutunga uzi. Tundu la sindano likamkataa mara tatu.

Mdogo wake alivaa malapa, visigino vikabaki nje. Akaiokota foronya, akatoka. Nyayo zake nzito zilikwenda hadi kwenye kona, ambako kulia ni zahanati na kushoto ni kwa Mama Redio, zikasimama.

Dada aliishikilia sindano hewani, akisikiliza zitageukia wapi.