Kijiko Hakikuwamo

Mtafiti alimtambua kaka yake kabla mlango haujafunguka, kwa namna alivyobisha: mara moja, kisha kimya kirefu, kama mtu anayeomba radhi kwa kubisha. Muda wa kuinua mkono ulikuwapo. Kanuni ya kitengo chao cha utafiti ilikuwa wazi, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe: mpimaji anayemfahamu mshiriki huinua mkono kabla neno la kwanza halijasomwa, hutoka, na mwingine huishika nafasi yake. Mkono wake ulibaki mezani, umeyakandamiza makaratasi kana kwamba kuna upepo. Chumba hakikuwa na dirisha.

"Karibu kaka, keti," alisema Mama Saa, mpimaji mwenzake, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu saa ya kupimia muda haikumtoka shingoni. "Usiogope. Hapa hatuchomi sindano, tunachoma ubongo tu."

"Huo ulishaungua zamani, mama. Nimewaletea majivu."

Mama Saa alicheka hadi saa ikamruka kifuani. Mtafiti hakucheka.

Kaka yake alikuwa na skizofrenia tangu siku zake za chuo. Sauti alizokuwa akizisikia, dawa zilikuwa zimezituliza. Kilichobaki ni kile ambacho watu hawakioni wala hawakisikitikii: kusahau alichoagizwa kabla hajafika mlangoni, kuianza kazi ndogo na kuipoteza katikati. Kitengo kilichunguza jambo hilo hasa. Washiriki ambao vipimo vyao vilikubalika walipelekwa kwenye mazoezi ya kumbukumbu, na mazoezi hayo yalikuwa yameanza kuonyesha faida, jambo ambalo katika utafiti ni nadra kiasi cha kutiliwa shaka. Kaka aliitaka nafasi hiyo. Fundi mmoja wa viatu alikuwa amemwahidi kazi, siku atakapoweza kushika agizo la mteja hadi mwisho.

Mtafiti naye alisifika kwa mihadhara yake dhidi ya unyanyapaa. "Msiwafiche ndugu zenu," aliwaambia watu kumbini, na watu walifuta machozi. Kazini alijulikana kuwa mtoto wa pekee. Hakuwahi kuona kwamba mambo hayo mawili yanagongana. Huhitajika elimu kubwa kuyahifadhi pamoja kwa utulivu namna hiyo.

"Nitakusomea maneno," alisema. "Baada ya mazungumzo mafupi, utayataja unayoyakumbuka."

Kaka alimtazama usoni mara moja tu, kisha akayashusha macho. "Sawa, daktari."

Hivyo ndivyo alivyomwita: daktari. Yeye akamwita mshiriki. Mama Saa aliita "kaka" kila mwanamume aliyeingia mle, na haikumgharimu kitu. Mtafiti hakuweza, maana kinywani mwake neno hilo lingekuwa kweli.

Aliyasoma maneno kwa ile sauti bapa waliyofundishwa, isiyomsaidia mtu wala kumwonea. Mama Saa akampigisha kaka soga za hali ya hewa na bei ya viatu. Kisha ukafika wakati.

"Pazia," alisema kaka. "Ndoo. Kengele." Akafumba macho. "Daraja. Kofia." Midomo ikatafuta. "Kijiko."

Kijiko lilikuwa jina lake mtafiti, la nyumbani. Utotoni hakula bila kijiko kimoja cha bati, na kikipotea nyumba nzima haikukalika. Kaka ndiye aliyekuwa akitambaa chini ya vitanda kukitafuta. Kaka ndiye aliyempa jina.

Utaratibu ulidai neno la ziada, lisilo kwenye orodha, liulizwe mara moja, na mwulizaji alikuwa yeye.

"Una hakika kijiko kilikuwamo?"

"Humu chumbani kimo," alisema kaka taratibu. "Kwenye orodha, sina hakika."

Mama Saa akatia alama ya kosa. Makosa ya aina hiyo mtafiti alikuwa ameyaandikia makala nzima, akieleza kwamba mgonjwa hushindwa kutenganisha alichokisikia sasa na alichokuja nacho. Makala hiyo ilisifiwa sana. Uso ukamwaka moto mpaka masikioni.

"Simamisha saa," alisema. "Kijiko ni mimi. Huyu ni kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja."

"Weee! Si ulituambia..."

"Sina dada, mama," kaka aliwahi. "Daktari amechoka tu. Tuendelee. Nimekumbuka lingine: mchanga."

Mchanga ulikuwamo.

Mama Saa alikitazama kidevu cha mmoja, akakitazama cha mwenzake, na hakuhitaji ushahidi mwingine. "Ulimjua tangu lini?"

"Tangu alipobisha."

"Basi ungeinua mkono, shoga yangu! Angepimwa na mwingine, mambo yakaisha. Sasa maneno ameshayasikia. Nitayatoaje masikioni mwake? Inabidi nimwondoe. Kanuni ni yako hiyo."

"Kwa hiyo nimeshindwa?" aliuliza kaka.

"Hapana, kaka yangu. Hukushindwa. Umeondolewa."

"Na tofauti yake?"

Swali lilikuwa zuri, na wataalamu wawili waliokuwamo chumbani walilikwepa. Kaka alisimama, akakirudisha kiti chini ya meza kwa uangalifu.

"Miaka yote nilikuwa nangoja useme," alimwambia mdogo wake, bila ukali. "Leo ndiyo siku niliyotaka unyamaze." Kisha akaongeza, "Nionyeshe pa kutokea. Njia nimeshaisahau."

Walitoka. Kule nyumbani, wageni walipokuja, kaka alifunzwa kutopita nao sebuleni, na akilazimika kutoka na dada yake, awe nyuma, mbali kidogo. Somo hilo hakulisahau. Mtafiti alipopunguza mwendo, naye alipunguza. Aliposimama amngoje, naye alisimama.

Mapokezini walikuwapo wenzake wakinywa chai. Karani akainua kichwa. "Daktari, huyo yuko na wewe?"

"Niko naye," alisema. Kisha akaongeza kwa nguvu. "Ni kaka yangu."

Vikombe vilitulia. Nyuma yake, kaka aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, na hakuinuka mpaka watu walipoacha kutazama.