Nyumba Ambayo Wakwe Hawakuiona

Kaswera alikuwa barazani kwake, Bunia, akipepeta maharage, wakwe kutoka Nyankunde walipofika na mbuzi wa mahari ya binti yake Séphora. Wakwe wakaipita nyumba moja kwa moja, kana kwamba haipo. Mbuzi waliiona nyumba. Mmoja aliingia mpaka jikoni. Kaswera akawakimbilia wakwe barabarani.

"Karibuni nyumbani!"

"Nyumbani wapi, mama? Hapa ni majani," mkubwa wao alisema. "Mutoto ya kulala mu majani, hatuwezi kumuoa. Tutarudi Jumamosi. Tukikuta vile vile, basi."

Kaswera hakushangaa. Tangu faili za viwanja zikatae kusomeka katika ofisi ya ardhi, mgeni hakuziona tena nyumba za mtaa huo. Alichukia tu, na kuchukia kwake si kwa mchezo. Akajifunga kitenge, akaenda ofisini.

"Papa Hippolyte, kiwanja yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya mashini, mama," karani Hippolyte alisema. "Lakini ile programu ni ya kampuni ya mbali, na kampuni ilikufa. Hakuna mashini ingine inajua kuisoma."

"Na makaratasi?"

"Tulichoma. Tulisema programu inatosha."

"Ala! Mulichoma siye, weye na bakubwa bako! Tafuta. Siye tunaoza mutoto."

Akaketi. Hippolyte akatafuta hadi alipokuta kazi ya marehemu Athanase, mpima ardhi. Athanase aliandika viwanja kwa maandishi ya kawaida, yale ambayo mashini yoyote huyasoma bila kuomba ruhusa ya kampuni, mpaka mkuu wa ofisi alipomkataza, eti hayapendezi. Athanase alikuwa ameandika mpaka kiwanja cha Kaswera. Kwa jirani yake Suzanne hakufika.

"Njo hii, kiwanja yako," Hippolyte alisema, akasoma kwa sauti. Mtaani, dereva wa pikipiki akakata kona ghafla asigonge baraza la Kaswera.

Jumamosi wakwe wakaingia, wakasifu bati, wakala wakashiba. Kaswera alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nakala ya maandishi ya Athanase, aliyopewa na Hippolyte, alikuwa ameifunga kwenye ncha ya kitenge.

Wiki hiyo mkuu alisaini programu mpya ya kampuni nyingine, inayosomwa na mashini za kampuni hiyo peke yake. Viwanja visivyosomeka akavihesabu vitupu, akaanza kuviuza.

Kaswera alipompelekea Suzanne sahani ya nyama, alikuta mgeni aliyenunua kiwanja anashusha matofali sebuleni. Suzanne alikuwa anasogeza sufuria zake ukutani.

"Hanioni," Suzanne alisema. "Muambie basi anipishe, nipike."