Chupa Tatu za Mnadani

Baba yangu, Mzee Rugaibula wa Kanazi, alikuwa mwonjaji. Ukitengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya harusi unamwita kwanza, naye anakwambia ukweli mbele ya wakwe zako: ndizi hazikuiva, mtama una kuvu, mtungi hukuosha. Watu walinuna, na mwezi uliofuata wakamwita tena. Mimi mwanawe, Gamaliel, hakuwahi kuniambia hata siku moja kwamba nimetengeneza kitu kizuri. Nilipokwenda Bukoba kuwa karani alisema ni afadhali, ndizi zitapumua.

Karani wa mnada. Mwajiri wangu, Bwana Yashwant, alinadi vitu vya Wazungu waliokuwa wakirudi kwao: vitanda, gramafoni, na divai. Chupa moja ilifunguliwa ili wanunuzi waonje, na kilichobaki kilikuwa changu. Ndivyo nilivyoijua divai ya zabibu za aina ya Sira, ya Ufaransa, nyeusi, yenye pilipili manga, zambarau, na moshi wa nyama iliyoning'inizwa juu ya meko. Nilisisimka mwili mzima. Hii, nikajisemea, hata Taata, baba yangu, hataitoa kasoro.

Sheria ya Waingereza ilitukataza sisi Waafrika vinywaji hivyo bila kibali, basi Yashwant akawa ananinunulia kwa jina lake. Miaka sita, chupa tatu. "Weka gizani," alinionya, "na usiguseguse."

Nyuma ya nyumba yangu Rwamishenye nilikuwa na shimo la kuivishia ndizi. Giza gani lingeshinda lile? Nikazilaza chini kabisa, nikazifunika udongo, na juu yake mke wangu Alistidia akaendelea na kazi yake: moto kwanza, halafu majani, halafu ndizi. Joto lile lilinifurahisha. Tangu lini kinywaji kikaiva kwa baridi?

Januari ikaja habari kwamba Taata hali tena, anakunywa uji tu. Kuanzia hapo sikutulia. Kazini niliandika kiti kimoja kwa wanunuzi wawili, wakakaribia kupigana. Nyumbani nilizunguka meza mpaka Alistidia akachoka.

"Baba Benigna, kaa chini, unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa atakufa."

"Basi nenda! Nani amekushika?"

Jumamosi asubuhi nikafukua chupa moja, nikaifunga kwenye baiskeli, nikaondoka bila hata chai. Kila mlima niliulaani.

Nilimkuta amekaa barazani, dada yangu Anatolia amemwegemeza kwa mito. Alikuwa amebaki macho tu.

"Taata, waitu," nikamwamkia kwa heshima, "nimekuletea kinywaji."

"Umekitengeneza wewe?"

"Nimekichagua mimi."

"Basi ni chako. Onja."

Kwetu anayeleta kinywaji humeza kwanza mbele ya mzee, ndipo mzee apokee. Nikazibua. Harufu ilinifikia kabla ya kikombe: matunda yaliyochemshwa yakasahaulika, na siki juu yake. Nikameza. Hapakuwa na pilipili, wala moshi. Mara moja nikalikumbuka shimo, na moto wa kila wiki ulioipika divai ile, na furaha yangu ya kijinga.

Nilipaswa kusema. Nilishindwa. Nikakaza uso kama mtu aliyeridhika, nikamjazia kikombe.

Akanusa. Akanywa funda moja, akaliweka mdomoni muda mrefu, kama alivyofanya sikuzote kabla ya kumwaibisha mtu. Nilimsubiri anitukane. Nilistahili, na kwa kweli nilitaka. Akaitazama mikono yangu iliyokuwa bado imeishika chupa, akaviangalia viatu vyangu vilivyojaa vumbi jekundu. Akameza.

"Nzuri," akasema.

Anatolia akageuka kumtazama, maana hata yeye hakuwahi kulisikia neno hilo likisemwa kwangu. Mzee ambaye hakuwahi kumhurumia mtu kwenye kinywaji alikuwa ananihurumia mimi. Iliniuma kuliko matusi yake yote.

Akanyoosha kikombe nimwongezee. Nikamwongezea.