Mlingoti wa Pili

Saa moja na nusu asubuhi, kama kila Jumatatu, bendera ilipandishwa mbele ya ofisi moja ya serikali mjini Butembo. Wenye pikipiki walizima injini. Mama mmoja aliyebeba beseni la mihogo alisimama katikati ya barabara, mguu mmoja mbele. Bendera ikipanda, hakuna anayetikisika. Ndiyo kawaida, na polisi yupo kuhakikisha.

Josaphat, mkuu wa ofisi, alikuwa amesimama juu ya njia ya siafu. Siafu waliingia viatuni mwake, wakapanda soksi, wakauma. Josaphat hakupepesa jicho. Hatua kumi nyuma yake, karani wake Kanyere, ambaye miguuni hakuwa na hata siafu mmoja, aliruka, akapiga yowe, akajikuna mpaka wimbo ukaisha.

"Mama Kanyere, juu ya nini umetikisika mbele ya drapeau?"

"Siafu, chef."

"Siafu iko wapi?"

"Iko mu viatu yako."

Josaphat alitazama, akaona ni kweli, akawakung'uta. Kisha akamwandikia Kanyere onyo la pili. La tatu lingemfukuza kazi, na kazi hiyo ilikuwa inalisha watoto watano wa marehemu dada yake, waliokimbia kutoka upande wa Beni.

Watu wa mtaa, wakimtaja Josaphat, walisema ofisi imepata mlingoti wa pili.

Sababu ya maumivu ya mkuu kumfikia karani ilijulikana. Kwa miaka sita Kanyere alikuwa akimwakilisha mkuu wake. Alisaini barua zake "P.O.", yaani kwa amri yake. Alikunywa chai na wageni ambao mkuu hakutaka kuwaona. Zaidi ya yote alimwakilisha matangani, maana upande wa Beni watu walikuwa wakiuawa mashambani mwao, na matanga hayakukoma. Kanyere alipanda lori, akaketi mkekani, akalia kwa jina la mkuu, akarudi na ripoti. Josaphat aliisoma ripoti na kusahihisha nukta. Mishipa ya fahamu ni kama mbuzi: hufuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Siku moja Josaphat aliungua ulimi kwa chai, na Kanyere ndiye aliyetema.

Baada ya onyo la pili Kanyere alimwita Jokébed, muuguzi aliyefundisha wanafunzi habari za ubongo. Jokébed alikuja saa sita na nyundo ndogo ya mpira. Alimkalisha Josaphat juu ya meza, akamgonga chini ya goti. Mguu wa Josaphat ulining'inia kama soksi kambani. Katika chumba cha pili, mguu wa Kanyere ulipiga teke ndoo ya takataka.

"Ubongo yako iko muzima, chef," Jokébed alisema. "Ile mukubwa inasema na inakumbuka: unajua nani hakukusalimia jana. Ile mudogo ya nyuma inashika mizani: unatembea bila kuyumba. Shina yake inakupumulisha. Ni barabara ya maumivu tu. Inatoka ku mguu, inapanda mu uti wa mgongo, inafika ku shingo, na pale pa kuingia mu kichwa inapinda, inapita mu ukuta, inaenda kwa huyu mama."

"Na goti?"

"Goti haingojake kichwa. Uti wa mgongo unajibu kwanza, mbele ubongo ipewe habari."

Josaphat alichukizwa. "Mu bureau yangu, hakuna mutu anajibu mbele mimi nipewe habari."

"Labda ndiyo maana goti ilihama."

Dawa, Jokébed alisema, ilikuwa moja. Jumamosi kulikuwa na matanga Beni, mtaani Beu: baba na watoto wake watatu, waliouawa wakivuna kakao. Josaphat aende mwenyewe, akae chini, asikilize, mpaka barabara irudi kichwani mwake.

"Niende kule kufanya nini? Mama Kanyere anajua kulia kunipita."

"Chef, mara moja tu," Kanyere alisema. "Hata nusu saa. Nitapoteza kazi."

"Niko na agenda."

Katika agenda, chini ya Jumamosi, palikuwa na neno moja: kinyozi. Kanyere alikwenda Beu, akalia.

Habari za siafu zilifika mbali. Mkubwa mmoja kutoka mkoani, ambaye alikuwa hajawahi kukutana na mtu jasiri na hivyo hakuwa na cha kulinganisha, aliamua kumpa Josaphat nishani. Sherehe ilifanyika Beni. Josaphat alisoma hotuba juu ya uchungu wa wananchi, aliyoandikiwa na Kanyere, akaomba apigiwe makofi mahali Kanyere alipoweka nukta. Kisha mkubwa akambandika nishani. Pini ilipita shati, ikapita ngozi. Josaphat alitabasamu kwa ajili ya picha.

Kutoka Beni hadi Butembo ni zaidi ya kilomita hamsini, na lori hukwama. Maumivu hayakukwama. Ilikuwa saa moja na nusu, Jumatatu. Kanyere alikuwa amesimama mbele ya bendera, mikono mbavuni, ameuma ukosi wa blauzi yake ili asitikisike. Alijishika kifua, akalia. Polisi akaandika.

Saa nne simu iliita.

"Mama Kanyere, andika barua ya kufukuza."

"Ya nani, chef?"

"Yako. Sababu: kukosa heshima kwa drapeau. Saini P.O., minakuwa mu sherehe."

Kanyere aliandika barua bila kosa, akaisaini P.O., akaigonga muhuri, akaacha nakala mezani, akachukua kanga yake, akatoka.

Jumatano Josaphat alirudi na nishani kifuani. Aliitia nakala ile ndani ya droo na kuisukuma droo kwa goti, kwa nguvu, huku mkono mmoja ukiwa bado ndani. Mlimani, katika shamba la maharage la mtu mwingine, Kanyere aliangusha jembe, akapuliza vidole vyake viwili, akangoja vipoe, akaendelea kulima.

Josaphat aliona wekundu ukisambaa juu ya barua. Alimwita Christa, karani mpya, ambaye asubuhi hiyo alikuwa akijifunza kusaini P.O.

"Hii damu ni ya nani?"

Christa alitazama kwanza vidole vyake mwenyewe. Kisha akaleta kitambaa, akapangusa.