Cheti cha Mtoto Mzima

Mwalimu Joakim alitoa amri mbele ya darasa zima: Valeria asirudi shuleni mpaka alete cheti cha daktari kwamba ana akili timamu. Eti mtoto wa miaka tisa hakai kitini, anasahau madaftari, anajibu kabla hajaulizwa. Fimbo alikwisha kuila mpaka basi. Albina, mama yake, alisikia damu inamchemka. Mwanawe aitwe kichaa? Cheti wangekipata.

Lakini kwao Umatengo mtoto hapelekwi mbele ya mgeni akiwa ovyo ovyo. Basi siku ya kwenda hospitali, Albina alimpeleka kwanza shambani alfajiri, wakafukia majani kwenye matuta ya ngolo, yale yanayozunguka mashimo ya mteremkoni, mpaka mtoto akaishiwa nguvu. Kisha akamwogesha, akamvisha gauni la kanisani, wakapanda gari la Mbinga mjini.

Valeria alimwamkia Daktari Stella vizuri, akakaa, akaanza kusinzia.

"Nyumbani yukoje, mama?" daktari alimuuliza Albina.

"Hivi hivi, ametulia. Ni yule mwalimu tu anamwonea."

"Kuna watoto ubongo wao hauwaachii kutulia wala kuzingatia," daktari alisema. "Ila siwezi kuamua kwa kumtazama hapa tu. Lazima hali hiyo ionekane nyumbani na shuleni, na iwe imeanza zamani. Kama nyumbani hana shida, nitaandika ni mzima." Akaandika, akamkabidhi karatasi. "Mwalimu akiisoma atasemaje?"

Albina alimjua Joakim. Angesema: kumbe mzima, basi ni kiburi. Na angechapa kwa raha zake, cheti kiko mfukoni. Hicho ndicho alichokuwa amemtafutia mwanawe kwa nguvu zote.

Akairudisha karatasi mezani.

"Ichane, daktari. Nimemlimisha makusudi ili alegee. Hatulii hata nyumbani, tangu anaanza kutembea. Nikimwacha jikoni mboga zinaungua, naye yuko nje anafukuza kuku. Akikumbuka, analia."

Daktari hakumkaripia. Alianza upya, akauliza habari za masikio, macho na usingizi. Alisema dawa zipo, zitafikiriwa ikibidi. Kwanza wajaribu kumkalisha mbele darasani, kumpa kazi fupi fupi, kumruhusu anyooshe miguu na kumsifu akimaliza. Fimbo haitibu kitu.

"Na mwalimu nataka nimsikie pia," akaongeza.

Valeria alikuwa amezinduka, miguu ikicheza chini ya kiti. "Kwa hiyo sifanyi makusudi?" aliuliza.

Albina alipandwa na hasira kuliko siku zote. Walikuwa wamemsema mtoto mpaka mwenyewe ameamini.

"Hufanyi makusudi," alimwambia. "Na Jumatatu mwalimu atakuja hapa. Akikataa, nitakaa mlangoni pa darasa lake mpaka atoke."