Kioo cha Nyuma

Sijawahi kumpenda shemeji yangu, na sitaanza leo. Mwanamume anayeingia dukani kwako ananukia kama bwana harusi, anasalimia kwa sauti ya chini, halafu anashikashika kila kitu mezani huku anakusifia, huyo usimpe mgongo. Watu wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo methali hiyo naijua ndani na nje.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, shemeji. Karibu." Mdomo ulisema karibu. Moyo ulisema potelea mbali.

Mdogo wangu, mke wake, alikuwa nyuma yangu palepale, nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Tunamwita Kidoti kwa sababu ya kidoti alichozaliwa nacho juu ya mdomo. Siku hiyo kidoti hakikuonekana vizuri, maana shavu lilikuwa limevimba mpaka limevuta mdomo. Alifika alfajiri na kimkoba kimoja na viatu vya ndani. Mjomba wetu ni dereva wa lori la saruji. Alikuwa anapakia mzigo, na saa saba mchana angempitia ampeleke mbali kwa shangazi, mahali ambapo huyu bwana hajui hata mlango unatazama wapi. Kilichobaki ni sisi kukaa kimya mpaka honi ilie, basi.

Tatizo lilikuwa simu ya Kidoti. Ilikuwa mezani, chini ya kitambaa cheusi cha suti nilichoitupia nilipomwona shemeji anavuka barabara.

Simu yenyewe ni zawadi ya shemeji. Yeye anauza simu, ana duka lenye taa kama meno ya dhahabu, na hii alimletea mkewe siku ya harusi kwa mbwembwe. Ina nyuso mbili. Mbele ina kioo kama simu zote. Nyuma ina kioo cha kijivu kama karatasi ya gazeti, maandishi yake meusi, unasoma hata juani. Na kile cha nyuma hakifutiki ovyo. Ukiandika neno pale, linakaa mpaka uweke jingine. Uzime simu, chaji iishe, simu ife kabisa, neno lipo palepale linakutazama.

Mtu mwingine angeweka picha ya mtoto au maua. Shemeji aliweka sheria. Kidoti asitoke nje bila kuandika kwenye kioo cha nyuma anakwenda wapi, na mwisho aandike "Nitarudi". Sokoni. Nitarudi. Kliniki. Nitarudi. Kwa nini cha nyuma? Kwa sababu cha nyuma hakiulizi namba ya siri. Shemeji alikuwa anamtokea popote, hata salamu hakuna, anachukua simu mkononi mwake, anaigeuza, anasoma. Ole wake ikutwe imeandikwa sokoni naye yuko kwa fundi viatu. Nilipomwuliza Kidoti anavumiliaje, aliniambia, "Nimeshazoea, dada." Watu huzoea hata kiatu kinachobana, lakini kidole kinajua.

Basi asubuhi ile alikaa kwenye kigoda changu, chai mkono mmoja, simu mkono mwingine, ananieleza ya usiku huku analia. Sikuangalia vidole vyake. Saa saba inakaribia ndipo nikaja kuona simu imelala mezani, imekufa chaji, na kwenye kioo cha nyuma, kwa herufi kubwa:

*Niko kwa dada. Mjomba atanipitia saa saba. Nitarudi.*

"Wewe mtoto!" nikapiga kelele. "Hiki nini?"

Akaangalia. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Sijui, dada. Wallahi sijui nimeandika saa ngapi."

Nikaamini. Mkono ulifundishwa, ukafanya kazi yake wenyewe. Nikakimbilia waya wa chaji, umeme hakuna, ulikatika kabla sijafungua duka na nilikuwa natumia pasi ya mkaa. Bila chaji hakifutiki. Nikakisugua kwa kitambaa, nikakitemea mate, mjinga mimi, kama nafuta ubao wa shule. Wapi! Ndipo nikamwona shemeji ng'ambo ya barabara, nikamsukuma Kidoti nyuma ya pazia, nikairushia simu kitambaa. Ilikuwa imelala na maneno yake juu.

"Mke wangu hajapita hapa?" shemeji akauliza.

"Si unalala naye wewe? Au umempoteza kama funguo?"

Akacheka. Ana kicheko kizuri, hilo simnyimi. "Tumepishana maneno kidogo jana. Mambo ya ndani, dada, unayajua. Simu yake haipatikani."

Kidogo! Nilishika mkasi nikauachia tena. Nikameza hasira, ikashuka kama mfupa wa samaki.

"Sijamwona," nikasema. "Labda kaenda kwa rafiki zake."

"Hana marafiki," akasema, bila kuona aibu.

Akaegemea meza yangu ya kukatia. Akaanza ile tabia yake. Akanyanyua kipande cha khaki, "Kizuri hiki." Akakiweka. Akanyanyua kitenge, akakinusa, akakiweka. Kati ya mkono wake na kile kitambaa cha suti palibaki bitana tu, kile kitambaa chepesi cha ndani ya koti.

Hapo akaingia Bi Haraka. Ni mteja wangu, mama mmoja mnene wa ofisini, ambaye tangu nimjue hajawahi kumaliza kikombe cha chai. "Fundi, gauni langu! Nina kikao, sina muda!" Kabla sijatia neno alishalitoa gauni kwenye hanga, akafungua pazia mwenyewe, akaingia, pazia likafunga nyuma yake.

Nikasubiri ukelele. Nilijua ndiyo basi, tumekwisha. Shemeji naye alinyanyua kichwa, akatazama pazia. Kimya. Kimya kikazidi, na mwanamke yule hajui kunyamaza hata kanisani. Shemeji akapiga hatua kuelekea kule.

"Fundi!" sauti ikapasuka ndani. "Gauni hili umenishonea mimi au mwanangu? Zipu imegoma katikati! Na mtu asithubutu kugusa pazia, niko kama nilivyozaliwa!"

Shemeji akasimama kama aliyegonga ukuta. Akarudi nyuma, akakohoa.

"Vuta tumbo, mama!" nikajibu.

"Nivute tumbo nilipeleke wapi? Nitakaa humu mpaka itoke!"

Mungu ambariki yule mama. Lakini shemeji, kwa kuwa pazia limemshinda, alirudi mezani. Akaiondoa bitana. Akaweka kiganja chake juu ya kitambaa cha suti.

Sikufikiri. Nilikamata pasi ikiwa na mkaa mwekundu, nikaitua kando ya vidole vyake. "Moto, shemeji! Toa mkono, nina kazi ya watu hapa!"

Akautoa haraka. Nikasukuma pasi mpaka pale palipokuwa pameinuka. Nikausikia ugumu wa simu chini ya kitambaa, nikajua niko juu ya maneno ya mdogo wangu. Nikasema moyoni, kama mate hayafuti, moto utafuta. Nikalala juu ya mpini kwa uzito wote niliopewa.

"Suti ya nani?" akauliza.

"Ya mwenyewe."

Moshi mdogo ukaanza kuchungulia pembeni ya pasi. Kitambaa cha watu kikageuka kahawia mbele ya macho yangu. Sikunyanyua mkono.

"Dada, unaunguza."

"Ni gundi ya kola. Ikipata moto inanuka."

Akavuta pumzi puani, taratibu. Hapo nikakumbuka kazi yake ni nini.

"Hiyo siyo gundi," akasema. "Hiyo harufu naijua."

Akanishika kifundo cha mkono, akanyanyua pasi pamoja na mkono wangu kama ananyanyua kikombe, akafunua kitambaa. Simu ilikuwa pale. Akaishika, ikamuunguza, akaiachia, akatoa leso akaishika tena. Sura yake nzuri yote ilikuwa imeondoka.

"Simu ya mke wangu inafanya nini hapa?"

"Alipita alfajiri," nikasema. "Akaniachia. Akasema hataki kuiona maisha yake yote. Na mimi nimeichoma. Haya, kanishtaki."

"Ulisema hujamwona."

"Nimekudanganya. Kwani wewe umenieleza ukweli wa lile shavu?"

Nilidhani atanipiga, na nikaomba anipige mimi, apitishe muda. Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti yoyote, hata ya zipu.

Hakunipiga. Akaenda mlangoni penye mwanga, akaigeuza simu, akaanza kuisoma kama alivyozoea. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevimba malengelenge, sehemu nyeusi, sehemu ya rangi ya chai. Lakini pasi ina pua, na pua haikufika kila mahali. Nilikuwa natazama midomo yake. Ilikuwa inatafuta. Sikujua nini kimepona. Nilisema moyoni, isiwe mjomba, ee Mungu, isiwe saa saba. Barabarani kila gari lililopita nililisikia kama lori la saruji.

Akatabasamu.

"Nitarudi," akasoma. Akanigeuzia simu nione. Kweli, chini kabisa, kwenye ukingo, neno moja lilibaki safi kama lilivyoandikwa. "Umejisumbua bure, dada. Kaandika mwenyewe. Mke wangu haandiki uongo hapa. Hajawahi hata siku moja."

Na lile tabasamu, heri angenitukana. Lilikuwa la mtu aliyeona kitu chake kinafanya kazi vizuri.

"Mwambie namsubiri nyumbani," akasema. "Mwambie sijakasirika. Leo nitapika mimi."

Akaifunga simu kwenye leso, akaitia mfukoni, akatoka. Alikuwa hajafika kwenye kona nikasikia honi, ile ya mjomba, ndefu halafu fupi. Nikashikilia mlango. Shemeji alikuwa ameitoa simu tena, anaitazama huku anatembea. Lori likampita ubavuni. Hakunyanyua uso.

Pazia likafunguka. Bi Haraka alikuwa na nguo zake zilezile alizokuja nazo, gauni nililomshonea liko begani, hakulivaa hata mkono mmoja. Alikuwa amemkumbatia Kidoti kama anazuia ukuta usianguke.

"Zipu haina neno, fundi," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Nenda, mwanangu. Kikao kitanisubiri."

Nikamletea Kidoti kimkoba chake, nikamfunga mtandio vizuri kuficha shavu.

"Umesikia alichosoma?" nikamwuliza.

"Nimesikia."

"Utarudi?" Sikutaka kuuliza, ila mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Nilikuwa naogopa jibu kuliko nilivyomwogopa mumewe.

"Sijui kwa nini niliandika vile, dada. Sijui."

Mjomba akapiga honi tena. "Jamani, nimeziba barabara!"

Kidoti akaenda mpaka mlangoni. Akasimama. Akarudi mezani, nikadhani amesahau kitu. Akachukua chaki yangu ya kukatia, akainama juu ya kile kitambaa cha suti kilichoungua, na juu ya nguo nyeusi nikaona mkono wake unaandika, bila haraka, kwa mwandiko mzuri: *Kwa shangazi. Nita*

Nikafungua mdomo nimpigie kelele. Bi Haraka akanishika mkono, nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza maishani nikanyamaza kwa hiari yangu.

Mkono wa Kidoti ukasimama. Akauangalia, akaangalia chaki, akaangalia yale maandishi, kama mtu anayeamshwa. Halafu akaweka kiganja juu ya maneno, akayafuta. Akafuta tena, akasugua mpaka vumbi jeupe likamwingia kwenye kucha na kitambaa kikabaki na alama ya pasi tu. Akaniwekea chaki mkononi, akanikunja vidole juu yake.

Akapanda lori. Tangu aolewe, ilikuwa siku yake ya kwanza kutoka bila kuandika anakwenda wapi.