Birika Lilipofunga

Kabla ya Ramadhani, vipande vya plastiki vya Müberra havikuwa vikivunjika. Nyundo ya mashine ikivigonga, vinajikunja kidogo, basi. Mwezi ulipoandama tu, mchanganyiko ule ule, wa mikono ile ile, ukaanza kupasuka kama kigae. Haya, nani wa kulielewa jambo kama hilo?

Kiwanda chao, pale Bursa, Uturuki, kilitengeneza vishikio vya bampa za magari. Müberra ndiye mhandisi wa maabara, na karibu mwaka mzima alikuwa akihangaika kuziozesha plastiki mbili zisizopendana: moja ya bei nafuu, nyingine nailoni. Alizitilia dawa ya kuzishikamanisha, akapata. Sasa kakosa, wala hajui kakosea wapi. Na Sabahattin Bey, yaani Bwana Sabahattin, mwenye kiwanda, alishasema bila kupepesa jicho: "Ramadhani ikiisha na vitu vyako bado vinavunjika, maabara naifunga."

Akaongeza dawa. Vikapasuka. Akapunguza. Vikapasuka vilevile. Akafika mahali akaanza kuishuku akili yake mwenyewe.

"Dada, labda navyo vimefunga," alisema Rasim, fundi wa nyundo. "Hata mimi alasiri sina nguvu."

Müberra hakucheka. Alikuwa akiitazama rafu ya vipande, iliyokuwa juu ya jiko la chai. Ubao wake ulikuwa umevimba kwa mvuke. Siku zote birika lile halikupoa, maana Rasim hunywa chai kama anazima moto tumboni. Tangu mwezi uandame halijaguswa.

Akalijaza maji, akawasha jiko. Adhuhuri, mchana wa Ramadhani.

"Dada, unakula kobe? Unafungua mchana?"

"Sinywi mimi, Rasim. Vinakunywa vipande."

Mvuke ukavipanda vipande mpaka magharibi. Adhana ilipolia wakafungua kwa tende, Rasim akatia majani ya chai, na Müberra akakiweka kipande kwenye mashine. Kikajikunja, kikakataa kuvunjika. Badala ya kufurahi alitaka kulia. Kumbe nailoni ilikuwa ikinywa mvuke na kulainika, na yeye mwaka mzima akijisifia dawa yake.

Sabahattin Bey akaingia na mkate wa moto kwapani, akakiona kipande.

"Mashallah. Umetia nini, binti yangu?"

Angeweza kunyamaza. Alitaka kunyamaza, Mungu anajua.

"Chai," akasema.

Mzee akacheka. "Basi itie zaidi."

Müberra akachukua kipande kikavu kutoka sandukuni, akakigonga. Kikapasuka, kibanzi kikaangukia kiatu cha mzee. Akamweleza yote, habari ya mvuke na ya birika lililozimwa.

"Magari hayana birika, Sabahattin Bey. Jua la kiangazi likivikausha, vitavunjika. Sina nilichokipata."

Mzee alikiokota kile kibanzi, akakitazama, akalitazama birika. Uso wake haukusomeka.

"Ungenyamaza, ningeviuza," alisema hatimaye. "Vingekuja kuvunjika kwenye magari ya watu."

"Najua. Basi utaifunga lini maabara, nianze kukusanya vitu vyangu?"

Sabahattin Bey akaumega mkate, akampa nusu, akavuta kiti. Akajimiminia chai kutoka birika lile lile.

"Nani anafunga saa hizi?" akasema. "Adhana imeshalia, binti yangu. Tumeshafungua."